Jicho Lililopakwa Mafuta

Kila jioni Saruni alifunga duka lake la dawa za mifugo pale Kitengela na kurudi nyumbani na katoni tatu tupu. Baba wengine hurudi na mkate; yeye alirudi na katoni. Alizipanga moja juu ya nyingine katikati ya njia ya changarawe iliyopita mbele ya lango lake, akaingia kwenye gari, akarudi nyuma kiasi cha hatua sitini, kisha akaliendesha kuelekea zile katoni bila kugusa breki. Zikibaki hatua mbili hivi, gari lililia pi-pi-pi, likainamisha pua, likasimama lenyewe.

Watoto wa mtaa walipiga makofi. Bwana Muturi, jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitikisa kichwa na kusema kwamba siku hizi hata chuma kina akili. Saruni alishuka polepole, akaokota katoni zake, akajifanya kana kwamba jambo lenyewe ni dogo. Lakini binti yake Nailantei, msichana wa miaka kumi na miwili, aliijua vizuri shingo ya baba yake. Akifurahi, ilirefuka.

Gari hilo lilikuwa limetoka Japani, limekwisha kutumiwa na watu wengine huko, na lilikuwa na miezi miwili tu nyumbani kwao. Nyuma ya kioo cha mbele, juu karibu na kioo cha kutazamia nyuma, palikuwa na kamera mbili ndogo nyeusi. Saruni aliziita macho. Macho hayo ndiyo yaliyoona kilicho mbele na kuliambia gari lifunge breki hata kama dereva amesahau. Siku ya kwanza aliwaita Nailantei na mdogo wake Katoo, mwenye miaka sita, akawaonyesha. "Nje osheni mpaka mchoke," alisema. "Lakini hapa ndani, karibu na haya macho, mtu asiguse. Mmesikia?" Wakasema wamesikia.

Jambo moja lilimshinda Saruni, nalo hakulisema. Gari lilizungumza Kijapani. Kila asubuhi alipoliwasha, sauti nyororo ya mwanamke ilisema maneno machache, na hakuna mtu wa Kitengela aliyejua maana yake. Saruni aliamua kwamba ni salamu. Alijibu "Ipa" kwa Kimaasai, kama mtu aliyesalimiwa barabarani, na watoto wakacheka mpaka shuleni. Nailantei na Katoo waliyakariri maneno hayo wakawa wanayaimba wakioga.

Jioni moja gari lilichelewa kusimama, likazisukuma katoni mpaka mtaroni. Jua lilikuwa limelielekea machoni. Saruni alisema gari limechoka, nalo ni kiumbe kama viumbe wengine. Watu walicheka, na jambo hilo likaishia hapo.

Sasa, Alhamisi moja, nyumba nzima ilikuwa mbioni kwa sababu ya sherehe. Shangazi Eunice, dada mdogo wa Saruni na kitinda mimba wa nyumba yao, alikuwa amehitimu uuguzi, na Jumamosi wote wangekutana kwa kokoo, yaani nyanya yao, kule Kajiado. Saruni alikuwa akizunguka kununua mchele na sukari, kwa hiyo wiki hiyo katoni zilipumzika. Nailantei alipotoka shuleni aliambiwa aoshe gari.

Nje alimaliza salama. Alipofungua mlango akaona vumbi limelala juu ya dashibodi. Binamu zake wa Kajiado wangekuwepo, na yeye alitaka gari ling'ae mpaka wajione sura. Ndani ya buti alipata mkebe wa mafuta ya kung'arishia dashibodi, ule wa kupuliza. Akapuliza, akasugua. Dashibodi ikawaka, na harufu yake ikawa tamu. Akapanda juu kidogo, kisha juu zaidi, mpaka akafika pale kwenye macho, ambapo kioo kilikuwa na alama ya mvuke. Alijua hapaguswi. Lakini mkono ukishakolea kazi hausikii la mtu. Alipuliza mara moja tu, akapitisha kitambaa.

Kioo kikawa na ukungu mweupe mbele ya macho yote mawili. Alisugua tena, ukungu ukatanda. Alijaribu kitambaa kikavu, kisha upindo wa sketi yake ya shule, na kila alipojaribu mambo yakaharibika zaidi. Alitazama huku na huku, akaona hakuna aliyemwona, akaurudisha mkebe ndani ya buti. Alijiambia kwamba mafuta yatakauka usiku. Mtu akianza kudanganya, wa kwanza kudanganywa huwa ni yeye mwenyewe.

Ijumaa asubuhi waliingia kwenye gari kwenda shuleni. Saruni aliwasha. Sauti ya mwanamke ikasema salamu yake ya kawaida. Kisha ikalia kengele ndogo, na yule mwanamke akaendelea kusema maneno mengine marefu ambayo hawakuwahi kuyasikia. Mbele ya usukani taa ndogo ya njano iliwaka na haikuzimika.

"Leo amesema mengi," Katoo alishangaa.

"Leo amesalimia mpaka nyinyi," baba yao akajibu. Aliinama kidogo akatazama mbele ya usukani. Kisha akafungua redio, na sauti ya redio ikafunika kila kitu.

Nailantei hakucheka. Hakujua Kijapani, lakini hakuhitaji mkalimani. Gari lilikuwa limesema kwamba halioni, na aliyelifumba macho alikuwa ameketi kiti cha nyuma na mkoba mapajani.

Siku hiyo darasani hakuandika la maana. Alipanga kusema saa ya chakula cha jioni. Chakula kilipofika, hakugusa ugali. Mama yake, Ruth, alimuuliza kama tumbo linamuuma, akajibu ndiyo, akapewa maji ya moto na limau. Alitazama jinsi baba yake alivyokuwa na furaha, akipiga simu kwa huyu na yule, akiwaambia ndugu zake kwamba kesho wataona maajabu. Akaogopa. Aliogopa kugombezwa, aliogopa baba yake kuaibika, na zaidi ya yote aliogopa yale maneno: nilikukataza. Akaenda kulala.

Barabara ya Namanga Jumamosi asubuhi si mahali pa kubeba siri. Malori ya simiti yalikuwa yakienda na kurudi, pikipiki zikipenya katikati yake, na magari ya watu wenye haraka yakitafuta nafasi ya kupita. Nailantei aliketi nyuma katikati, akainama ili auone mguu wa kulia wa baba yake kati ya viti. Aliukodolea macho ule mguu safari nzima. Lori la mbele likiwasha taa nyekundu, alihesabu: moja, mbili. Mguu ulisogea kwenye breki. Aliweza kupumua.

Ndipo akagundua jambo lililomtia hofu zaidi. Tangu gari lije, baba yake alikuwa amezoea kuchelewa. Zamani, alipokuwa na pikapu yake nzee, alikanyaga breki mapema. Sasa aliuacha mguu utulie, akimngoja msaidizi wake alie kwanza. Karibu na soko la Kisaju mwanamke mwenye kabichi mbili alishuka barabarani, na Saruni, aliyekuwa akimsimulia mkewe habari za mbuzi, alikanyaga dakika ya mwisho kabisa. Kabichi moja iliviringika hadi chini ya gari. Yule mama aliwatazama kupitia kioo.

"Saruni," mama alisema kwa sauti ya chini, "hiyo macho yako ya Japani imelala?"

"Imeona," baba akajibu. "Mimi ndiyo nimeiwahi." Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na kutoka hapo hadi Isinya hakusimulia tena habari za mbuzi. Nailantei alifungua mdomo. Katoo akamwomba maji, na mdomo ukafungwa tena.

Walipofika, Nailantei aliinamisha kichwa mbele ya kokoo, kama watoto wote wa kwao wanavyowasalimia wazee, naye kokoo akauweka mkono wake juu ya kichwa hicho. Mkono ulikaa pale kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kokoo alisema mtoto huyu ana moto kichwani, apewe maziwa akae kivulini. Nailantei alitamani mkono ule usiondoke.

Watu walikula, wakaomba, wakamshukuru Mungu kwa ajili ya Eunice. Baada ya chakula wanaume walitoka uani, na mazungumzo yakaelekea pale Saruni alipotaka yaelekee tangu asubuhi. Alieleza juu ya macho mawili na breki zinazojifunga. Dennis, mdogo wake, alimsikiliza huku akichokonoa meno. Dennis aliendesha lori la kokoto, na lori lenyewe lilikuwa na umri wake.

"Katoni haina mifupa," Dennis alisema. "Weka mtu, hapo nitaamini."

Watu wakacheka. Saruni aliweka kikombe chini. Shingo ikarefuka.

"Nitasimama mimi mwenyewe," alisema.

Kokoo alisema kwa Kimaasai kwamba mwanawe amepigwa na jua. Shangazi Eunice alisema yeye hajaanza kazi, wasimpe mgonjwa siku ya sherehe. Wote waliona ni mzaha mpaka Saruni alipomrushia Dennis ufunguo na kumweleza: aende mpaka kule kwenye lango la ng'ombe, aje kwa mwendo wa kilomita ishirini na tano kwa saa, na asiguse breki hata moyo umtoke. Mama Ruth alikuwa jikoni akiosha masufuria na wanawake wengine. Hakujua lolote.

Nailantei alikuwa amesimama na sinia ya vikombe. Alijiambia labda mafuta yamekauka. Alijiambia baba ataruka kando. Alijiambia mtu mzima hawezi kufa kwa sababu ya kitambaa. Kisha aliiweka sinia chini, akatembea mpaka kwa baba yake, aliyekuwa ameshasimama katikati ya njia ya changarawe akijipangusa suruali.

"Baba, niko na kitu nataka kukuambia."

"Sema, mama."

Binamu walikuwa wamejipanga kando. Wanaume walikuwa wametoa simu zao wapige picha. Macho yote yalikuwa kwao wawili.

"Si hapa," alinong'ona.

"Basi baadaye. Si unaona watu wananingoja?" Alimgusa bega na kumsogeza kando taratibu. Nailantei akarudi nyuma hatua tatu. Hatua hizo tatu zilimtesa baadaye kuliko kitu kingine chochote alichofanya wiki hiyo.

Kule langoni Dennis aliwasha gari. Vioo vilikuwa wazi, na wote wakamsikia yule mwanamke akisema salamu yake, kisha kengele, kisha yale maneno marefu. "Inaomba!" Dennis alipiga kelele, na uani kukalipuka kicheko. Gari likaanza kuja.

Lilikuja bila haraka, na hilo ndilo lililotisha. Changarawe zilikuwa zikilia chini ya magurudumu. Saruni alikuwa amekunja mikono kifuani, anatabasamu. Nailantei alilitazama lile gari, akatazama ule ukungu mweupe juu ya kioo, mahali ambapo ni yeye peke yake aliyejua kutazama, na kitu ndani yake kikakatika. Alikimbia. Hakukimbilia kwa baba yake. Alikimbilia gari, ubavuni kwa dereva, akapiga mlango kwa viganja vyote viwili.

"Anko, simama! Haioni! Nilipaka mafuta, haioni!"

Dennis alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Kanyagio likatetemeka na kugonga chini ya mguu wake kama kitu kinachovunjika. Kwenye lori lake la zamani breki zilikuwa za kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, kwa hiyo mguu wake uliinuka kwa mazoea, ukarudi tena. Gari liliteleza juu ya changarawe. Pi-pi-pi haikusikika. Saruni alikuwa ameanza kuruka kando lakini amechelewa, kama alivyokuwa amezoea kuchelewa. Pua ya gari ilimpata kwenye paja, ikamzungusha, ikamwangusha kifudifudi. Gari likasimama.

Vumbi lilimfunika. Nailantei alisimama mikono ikiwa bado juu ya mlango, akangoja baba yake atikisike, naye hakutikisika. Huo ulikuwa muda mfupi sana, labda wa kuhesabu mpaka tano. Kwake ulitosha kuona nyumba yao bila baba, duka limefungwa, na Katoo akiuliza.

Kisha Saruni akakohoa.

Shangazi Eunice ndiye aliyefika kwanza, na mgonjwa wake wa kwanza akawa kaka yake. Alimkataza mtu yeyote kumwinua. Alimuuliza jina la siku, alimgusa shingo, mgongo na miguu, na alipofika kwenye kifundo cha mguu wa kulia Saruni akauma meno. Dennis alikuwa ameketi chini kando ya gari, akisema tu, "Ningemuua. Ningemuua ndugu yangu." Mama Ruth alitoka jikoni na mikono ya sabuni, akaona mumewe yuko chini. Nailantei hatasahau uso ule.

Hospitalini walimpiga picha ya mfupa. Mfupa haukuvunjika. Kifundo kilikuwa kimeteguka vibaya, paja limevimba, na angetembelea magongo kwa wiki kadhaa. Saruni aliketi kwenye benchi, mguu umefungwa bandeji, na Nailantei akaja akasimama mbele yake. Hakungoja aulizwe. Alisema yote: mkebe, kitambaa, ukungu, maneno mapya ya gari, tumbo ambalo halikuwa likiuma, barabara nzima kutoka Kitengela. Alisema hata zile hatua tatu.

Nailantei alingoja yale maneno, nilikukataza. Hayakuja.

"Ile taa ya njano niliiona Ijumaa," baba yake alisema mwishowe. Alikuwa akitazama bandeji. "Niliiona, na nilisikia hiyo maneno mpya. Nikaona haya kuuliza. Mtaa mzima unanijua na hii gari, halafu niende kwa fundi nimwambie sielewi inasema nini? Nikajiambia taa ya njano si mbaya, mbaya ni ya nyekundu."

Mama Ruth alikuwa amesimama mlangoni na dawa mkononi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kwa hivyo mlijua nyinyi wawili," alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Baba alijua, mtoto alijua. Na mimi nilikuwa nimekaa hapo mbele, na Katoo hapo nyuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nyinyi mlikuwa mnatuficha hata sisi wenye kufa."

Akaiweka dawa kwenye benchi kando ya Saruni, akatoka nje.

Jumatatu mama aliomba ruhusa kazini, na ya Nailantei shuleni, akaliendesha gari yeye mwenyewe, taratibu, pamoja na Saruni na Nailantei, mpaka kwa Celine. Celine alikuwa fundi wa umeme wa magari, na karakana yake ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta pale Kitengela, si mbali hata kidogo na duka la Saruni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ovaroli la buluu na kompyuta ndogo iliyojaa mikwaruzo. Aliwasha gari, akasikiliza lile tangazo lote, akacheka kidogo.

Miaka mingi ya magari kutoka Japani ilikuwa imemfundisha maneno anayoyahitaji. Aliwaeleza kwamba salamu ya kila asubuhi haikuwa salamu. Yule mwanamke alikuwa akisema tu kwamba kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa mahali pake. Saruni alikumbuka jinsi alivyomwitikia miezi miwili mfululizo, akainamisha kichwa, na hapo hata mama Ruth alishindwa kujizuia kucheka. Lakini Celine alipoyaeleza maneno mapya, kicheko kilikoma. Kamera hazioni, gari lilikuwa limesema. Breki za kujifunga zimezimwa. Dereva aendeshe kwa uangalifu.

"Ilikuwa inawaambia kila mkiwasha," Celine alisema.

Alikisafisha kioo kwa dawa yake maalumu, akiwakataza wasipumue karibu. Kisha alisimamisha ubao wenye miraba myeusi na myeupe mbele ya gari, akapima umbali kwa futi kamba, akaunganisha kompyuta, akayafundisha yale macho upya pa kutazama. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Nailantei alimshikia futi kamba. Saruni aliketi kwenye kiti cha plastiki, magongo magotini, na safari hii aliuliza. Aliuliza kila kitu, hata mambo ya kitoto.

Celine alimjibu bila kumdharau. Alisema mtambo huo ni mzuri, na umewaokoa watu wengi ambao walisinzia kidogo au walitazama simu. Lakini una mipaka. Jua likiupiga machoni, mvua ikinyesha sana, vumbi au ukungu ukitanda, unaona vibaya. Gari na mtu anayetembea mchana unawajua. Ng'ombe anayekatiza barabara ya Namanga jioni, huenda usimjue kabisa. Na hata ukiona vizuri, kuna mwendo ambao hauwezi kuusimamisha kwa wakati.

"Na ile kutetemeka?" Saruni aliuliza. "Dennis anasema breki ilivunjika chini ya mguu wake."

"Haikuvunjika, ilikuwa inafanya kazi. Inazuia magurudumu yasijifunge ili usukani usikie. Ikitetemeka, usiinue mguu, kanyaga tu. Lakini kwa changarawe hata hiyo haisimami haraka." Celine alifuta mikono. "Sasa wacha mimi nikuulize swali moja. Dereva wa hii gari ni nani?"

"Ni mimi," Saruni alisema. "Hata mbwa awe mkali namna gani, ng'ombe wakiliwa ataulizwa mchungaji. Na mimi nilikuwa nimelala."

Celine aliwasha gari. Taa ya njano iliwaka kidogo, ikazimika. Aliwaandikia kwenye karatasi maana ya kila taa, kwa Kiswahili, akamkabidhi Nailantei aibandike ndani ya mlango wa dereva.

Kabla ya kuondoka, Saruni aliomba simu ya mkewe akampigia Dennis, ambaye tangu Jumamosi alikuwa hajagusa lori lake. Alimwambia mbele ya wote kwamba kosa halikuwa la mguu wake. Alimwambia arudi kazini. Kisha akarudisha simu na kumwita binti yake akae karibu naye.

"Nailantei, ulikosa mara mbili," alisema. "Uligusa nilichokukataza, halafu ukanyamaza. Kwa hilo la kwanza singekuchapa, ningekuambia tu ulete kitambaa tukasafishe. Hilo la pili ndilo karibu linizike. Kosa likisemwa mapema huwa ni kazi ya nusu saa kwa fundi. Likifichwa, linakua, na siku moja linakuja likiwa kubwa kuliko wewe."

Nailantei aliitikia kwa kichwa. Machozi ambayo hayakutoka tangu Alhamisi yalianza kutoka.

"Lakini na mimi nilikosa, na mimi ndiye mtu mzima," baba yake akaendelea. "Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuona taa imewaka na kufungua redio. Wewe ulikuwa unaniogopa, na mimi nilikuwa nawaogopa majirani. Unajua ni nini kiliniokoa Jumamosi? Si breki. Ni kwamba uliacha kuogopa kugombezwa, ukaogopa kunipoteza. Siku nyingine ukiwa na jambo la kuniambia, na mimi nikikuambia baadaye, usirudi nyuma hata hatua moja. Nishike shati. Nipigie kelele hapo hapo mbele ya watu."